Nyama Chini ya Jani

Trei yangu ilipotoka nyekundu kwa siku ya tatu mfululizo, Mzee Maduhu alisimama mlangoni wakati wa kutoka akaniambia nivue aproni, nifungue kanga na kuikung'uta mbele yake.

Nikaikung'uta. Hakikudondoka kitu. Aliitazama sakafu kwa muda, kama vile kilichodondoka kilikuwa na ujanja wa kujificha, kisha akasema, "Haya, nenda."

Mama Goodness alikuwa nyuma yangu. Yeye hakuambiwa akung'ute chochote. Alipita akasema, "Kesho, Mzee," naye akajibiwa, "Kesho, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanavyoagana kila siku.

Bucha la Mzee Maduhu liko Runzewe, upande wa barabara ya kwenda Ushirombo. Mbele anawauzia watu wa kawaida, nusu kilo, kilo, maini na utumbo. Nyuma kuna chumba chenye vigae vyeupe ambacho alikijenga baada ya kupata tenda ya kupeleka nyama kwenye kambi moja ya mgodi. Kambi ile haitaki nyama ya kukatwa kwa shoka. Inataka vipande vyembamba, unene wa kidole cha mwisho, vyote sawa, kwa sababu wapishi wao wanavikaanga na kuvitia ndani ya mkate, na kila anayeshuka chini ya ardhi anabeba mkate wake. Wakataji tulikuwa wawili, mimi na Mama Goodness. Jina lake ni Justa, lakini hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa Mzee anapokasirika.

Mashaka yote yalianza kilipoletwa kisanduku.

Kililetwa na Adam, fundi wa kambini, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Ni kisanduku cha bati jeusi, kikubwa kama kabati la vyombo, ndani kina taa nyeupe na kwa juu kamera. Unaingiza trei, unafunga kimlango, taa inawaka, kinapiga picha. Halafu kwenye kioo cha nje unaona kila kipande cha nyama kimezungushiwa mstari. Kinapima unene, kinahesabu michirizi ya mafuta, kinaangalia rangi. Kikiridhika, mstari unakuwa wa kijani. Kikiwa na wasiwasi, njano. Kikiona nyama imechakaa, nyekundu, na trei hiyo haipandi gari la kambi. Picha yenyewe inafika kambini saa ileile, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye.

"Kimeonyeshwa picha maelfu kwa maelfu," Adam alituambia siku ile. "Za nyama nzuri na za nyama mbaya, mpaka kikajifunza."

"Kimekula ngapi?" Mama Goodness akauliza.

"Hakili, mama."

"Basi hakijajifunza."

Adam alicheka. Mimi nilicheka kwa ndani, maana mbele ya wageni huwa sauti yangu haitoki. Shule niliishia darasa la tano, na maneno yaliyoandikwa kwenye kile kioo nilikuwa nayasoma polepole hadi kinazima. Lakini rangi hazihitaji darasa. Kijani cha Mama Goodness nilikiona kila siku, na nyekundu yangu niliiona kila siku.

Hilo ndilo lililomchanganya Mzee Maduhu. Asubuhi iliyofuata, kabla sijashika kisu, aliniita pembeni ya mzani.

"Bhebhe, njoo hapa," alisema. Akikasirika Kisukuma kinatangulia. "Huyu ng'ombe nimemchagua mimi mnadani. Amechinjwa alfajiri. Paja limefika hapa bado lina joto, umelishika?"

"Nimelishika, Mzee."

"Linaingia chumbani likiwa changa. Linatoka kwenye kisanduku likiwa bibi kizee. Hapo katikati yupo nani?"

Niliweka kisu juu ya mzani.

"Hapo katikati upo wewe," akasema. "Kuna dirisha pale nyuma. Upande wa pili kuna akina mama lishe. Mtu anaweza kutoa nyama yangu nzuri akapokea ya jana iliyowadodea. Sijasema umefanya. Nasema dirisha lipo."

Nilitaka kumwambia kwamba lile dirisha lina wavu wa mbu uliogongomewa misumari. Badala yake nilifunga aproni.

"Jumamosi wanakuja watu wa kambini wenyewe," akamalizia. "Trei yako ikitoka nyekundu mbele yao, utaondoka. Na kila mwenye bucha, kuanzia hapa hadi Chato, nitamwambia kwa nini umeondoka."

Kazi ni kazi, mtu anaweza kupata nyingine. Kilichonikosesha usingizi ni mama yangu. Kwenye jumuiya yetu, kukiwa na msiba au harusi, mama ndiye anayeitwa kusimamia nyama. Amesimamia tangu sijazaliwa. Wanaume wakishachinja, kisu na sinia vinakabidhiwa kwake, na yeye ndiye anayejua nyama ya wageni ni ipi, ya wapishi ni ipi, ya wafiwa ni ipi. Kazi hiyo hapewi mtu kwa sababu anajua kukata. Anapewa kwa sababu hakuna anayeutilia shaka mkono wake. Mtoto wake akifukuzwa bucha kwa kuiba nyama, hakuna atakayemtukana mama. Watamwonea huruma, na msiba utakaofuata kisu watampa mtu mwingine.

Kukata nilijifunza kwake. Alinifundisha kufuata nyuzi za nyama, kupanga kipande juu ya kipande bila kuacha nafasi, na kufunika rundo lote kwa jani bichi la mgomba lililooshwa, likandamizwe pembeni. Nyama iliyokatwa haiachwi wazi. Inzi watatua, na macho ya watu yatatua pia, na baadaye mtu atasema nilikiona kile kipande, sasa kimekwenda wapi. Mama anasema jani linamlinda msimamizi kuliko linavyoilinda nyama. Nami nilikuja na jani langu kazini kila asubuhi. Mwanzoni Mzee Maduhu alilisifu, akasema huo ndio usafi.

Siku hizo nilianza kumtazama Mama Goodness kwa jicho la pembeni.

Alikuwa mtu wa kuongea. Aliongea akikata, akinoa, akifuta meza. Kwao ni Samuye, na kila kitu cha Samuye kilikuwa bora, ng'ombe wa Samuye, maziwa ya Samuye, hata mvua. Lakini chini ya meza yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, limefunikwa kitambaa. Nilipoinama kuokota kifuniko cha ndoo karibu nalo, alilisogeza kwa mguu bila kukatisha hadithi aliyokuwa akisimulia. Siku nyingine nilipomwomba kitambaa cha kufutia kisu, akasema hiki kina mafuta, chukua kile cha mlangoni. Kitambaa nilichokiona hakikuwa na mafuta.

Nikawa najiuliza. Nyama inatoka mguu mmoja, au mimi nilidhani hivyo. Visu vimenunuliwa pamoja. Kwa nini yake iwe kijani na yangu nyekundu, isipokuwa mtu anaifanyia yangu jambo?

Alhamisi nilikuwa nimekata trei nzima nikaifunika, nikatoka kuchota maji ya moto uani. Niliporudi niliona nimeacha kipande kimoja nje, kwenye ukingo wa meza karibu na dirisha. Kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Nikafunua jani. Vile vingine vyote vilikuwa vyeusi-vyeusi, rangi ya zambarau iliyopondeka.

Niligeuka kumtazama Mama Goodness. Alikuwa ananoa kisu chake, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Umepita hapa?" nikamuuliza.

"Nipite wapi, mwanangu? Mimi na meza yangu, wewe na yako."

Moyo uliniambia amekigusa kile kipande. Amekipaka kitu kutoka kwenye kopo, kwa makusudi, ili kitofautiane na vingine. Na kilipoingia kwenye kisanduku pamoja na wenzake, kikawa hivyo hivyo: vipande kumi na kimoja mistari myekundu, kimoja kijani, katikati kabisa ya trei, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine.

Mzee Maduhu aliinama akakitazama kioo. Akanigeukia polepole.

"Hiki kimoja ndicho changu," alisema. "Hivi vingine umevitoa wapi?"

Jioni ile nilikung'uta kanga mara mbili.

Ijumaa nilikwenda nikiwa nimeamua jambo moja, kumkamata. Nilikata vipande viwili kutoka kwenye mnofu mmoja, vikiwa vimegusana. Kimoja nikakifunika kwa jani. Kingine nikakiweka wazi kwenye sahani, nikavuta ndoo tupu, nikaigeuza na kuikalia, macho kwenye sahani. Nilijiambia sitayaondoa hata paa likianguka. Akija na kopo lake nitamshika mkono.

Hakuja. Alikuwa upande wake, anakata na kuongea. Baadaye akaniangalia.

"Lukresia."

"Abee."

"Unaatamia nyama?"

Sikuondoa macho kwenye sahani.

"Itatotolewa lini, tujue. Mzee ataongezewa zizi."

Sikucheka. Nilikuwa naiona nyama inabadilika. Ilianza pembeni, pale ilipokuwa nyembamba, kama mtu anayepona rangi inavyomrudia usoni. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyepita. Ilikuwa nyeusi, ikawa ya damu ya mzee, na baada ya muda wa kuchemsha maharage mara ya kwanza na kumwaga maji, ikawa nyekundu kabisa. Nikafunua jani. Mwenzake alikuwa bado mweusi. Nikamweka kando yake kwenye sahani, nikakaa tena. Naye akaanza kubadilika.

Ni jani. Lilikuwa jani langu mwenyewe. Nyama changa ikibanwa isipate hewa inabaki na weusi wake, na kile kisanduku hakina mahali pa kujua kama weusi huo ni wa utoto au wa uzee. Mimi nilikuwa nafunua na kuingiza moja kwa moja kila siku, nikidhani ninaonyesha uaminifu.

Nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Halafu nikakumbuka kopo. Kama Mama Goodness hakuigusa nyama yangu, basi kopo lile lina kazi gani?

Mchana huohuo nilijua. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friza kubwa nasugua sakafu, nao hawakujua nipo. Mzee Maduhu mwenyewe alikuja, akafungua friza ya chini, ile tunayoambiwa ina chakula cha mbwa, akatoa mfuko wa plastiki na kuuweka kwenye meza ya Mama Goodness.

"Ya lini hii?" Mama Goodness akauliza.

"Ya Jumanne. Iliyobaki mbele."

"Jumanne, Mzee? Hii imeanza kuongea."

"Wewe ifute vizuri. Kisanduku hakina pua."

Alipoondoka, nilimwona Mama Goodness akikata ule mnofu. Ulikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Akapanga vipande kwenye trei, akavuta kopo, akachovya kitambaa na kupitisha juu ya kila kipande, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Damu. Damu mbichi ya machinjioni. Trei ikaingia kwenye kisanduku, na mistari yote ikawa ya kijani.

Nilibaki palepale na brashi mkononi. Sasa nilielewa kwa nini Mzee alikuwa na uhakika juu yangu. Nyama ya Jumanne iliyopakwa damu inapita, na nyama ya asubuhi aliyonipa mimi inakataliwa. Yeye anajua jinsi nyama inavyogeuzwa ndani ya chumba kile. Hakuweza kufikiri kwamba upande wangu hakuna anayegeuza kitu.

Usiku nilimsimulia mama habari ya jani. Habari ya kopo sikuisema, iligoma kutoka.

"Basi kesho usifunike," akasema.

"Nisipofunika itatoka kijani."

"Si ndiyo unachotaka?"

"Mzee atasema, mmeona, siku wageni wamekuja ndiyo ameacha kuiba."

Mama alifikiri. "Kweli," akasema. "Basi funika. Waonyeshe yote mawili."

Jumamosi saa nne asubuhi gari la kambi lilisimama nje. Alishuka Adam, na nyuma yake mama mmoja mnene aliyevaa koti jeupe. Huyo alikuwa Mariana, mkuu wa jikoni wa kambi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake, akitutazama mikono badala ya uso.

Trei nne za Mama Goodness zilikuwa zimeshapigwa picha, kijani tupu, zimepangwa mlangoni tayari kwa kupakiwa. Yangu ilikuwa mezani chini ya jani. Niliiingiza. Taa ikawaka. Mistari ikaja, myekundu yote.

"Ndiyo huyu niliyewaambia kwa simu," Mzee Maduhu alisema, kwa huzuni nzuri kabisa. "Ni mtoto wa watu, nimemvumilia. Lakini mmeona wenyewe."

Adam aliandika kitu. Mariana aliendelea kuitazama mikono yangu.

"Naomba nusu saa," nikasema.

Sidhani kama walisikia mara ya kwanza, kwa sababu Mariana alisogea. "Unasema?"

"Naomba nusu saa. Nyama ikae wazi. Halafu mpige picha tena."

"Nusu saa ya kwenda wapi?" Mzee akadakia. "Jamani, twendeni mbele tunywe chai. Huyu anatafuta muda."

"Chai nimekunywa," Mariana alisema. Akavuta stuli, akaiweka mbele ya meza yangu, akakaa, mikono juu ya mapaja. "Mimi nakaa na hii nyama. Nikienda chai nikarudi nikaikuta nyingine, nitajuaje? Wewe binti, simama kule ukutani. Na wewe Mzee, kaa mbali kidogo na meza."

Tukakaa hivyo. Hata Mama Goodness alikaa kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Friza ilinguruma, ikazima, ikanguruma tena. Mariana alikuwa anaitazama nyama kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Mara akainama.

"Adam. Njoo uone."

Adam akaja. Wakatazama wote wawili. Nusu saa ilipofika Adam mwenyewe aliibeba ile trei, hakumruhusu mwingine. Taa ikawaka. Mistari kumi na miwili, yote ya kijani.

"Kumbe ni hewa," Adam alisema, akijikuna kichwa kwa kalamu. "Hakijaonyeshwa picha za nyama iliyotoka chini ya jani. Hakijui kama kuna kitu kama hicho."

"Hakijaenda msibani," Mariana alisema. Akanigeukia. "Nani alikufundisha kufunika?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Hapa tu usifunike."

Mzee Maduhu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alikuja akaniwekea mkono begani, mkono uleule uliokuwa ukinionyesha sakafu. "Lukresia, mwanangu, si ungesema mapema? Mambo yameisha. Kazi yako ipo, tena kuanzia Jumatatu utakuwa mkubwa wa chumba hiki. Mama Mariana, tupakie?"

"Pakieni," Mariana alisema, akasimama.

Mama Goodness alinyanyua trei ya kwanza. Akanitazama. Jicho lake lilikuwa linaniomba kitu, na mimi nilijua ni kitu gani, maana ndicho kitu ninachokifanya siku zote bila kuombwa. Kunyamaza.

Na nilikuwa nimesafishwa. Hakuna aliyenidai neno lingine. Lakini ile trei ilipopita mbele yangu niliisikia harufu, ndogo, ya kitambaa kibichi kilicholala ndani ya ndoo. Mariana alikuwa upande wa pili, karibu na mlango wenye upepo. Nikawaza watu wanashuka chini ya ardhi na mkate umefungwa kwenye karatasi. Nikamwaza mama na sinia lake. Msimamizi wa nyama halindi rundo lake peke yake.

Sauti haikutoka. Kwa hiyo nilichukua kisu, nikatoa kipande kimoja kutoka kwenye trei ya Mama Goodness, nikakilaza kwenye ubao na kukipasua katikati kwa unene wake, kama mtu anayefungua mkate.

"Lukresia," Mzee Maduhu alisema. "Weka kisu chini."

Nje kilikuwa chekundu. Ndani kilikuwa na rangi ya chai. Nikapitisha kidole juu ya ule wekundu, ukatoka kwenye kidole, ukaacha alama. Nikamnyooshea Mariana kile kipande.

Mariana alikinusa mara moja tu. Alikirudisha kwenye ubao, akapiga magoti na koti lake jeupe, akaangalia chini ya meza. Kopo lilikuwa pale. Mama Goodness hakulisogeza.

"Adam, zima kisanduku," Mariana alisema. "Kibebe. Tunaondoka nacho."

"Trei?"

"Gari litarudi tupu."

Mzee Maduhu hakupiga kelele. Aliongea na Mariana kwa sauti ya chini hadi kwenye gari, akafungua mlango, akaufunga, akaongea tena na dirisha. Gari lilipoondoka alirudi, akapita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya watu, akitazama chini. Alichosema ni kimoja tu.

"Nenda. Wote wawili, nendeni."

Nilivua aproni. Nilipofika mlangoni mwili ulisimama wenyewe kwa mazoea, nikafungua kanga na kuikung'uta. Kikadondoka kipande cha jani la mgomba, kikavu, kirefu kama kidole. Mzee Maduhu alikitazama pale sakafuni. Hakukiokota, nami nikakiacha.

Tulitembea na Mama Goodness hadi penye njia panda. Alikuwa amebeba kisu chake kwenye gazeti. Nilidhani atanitukana.

"Goodness anaanza muhula Jumatatu," alisema.

"Najua."

"Basi sawa, kama unajua." Alitembea kidogo. "Lile jani. Ulinichekesha sana na lile jani. Kwetu Samuye hata mtoto anajua, nyama mbichi ukiifunika inakuwa nyeusi. Ukiianika kidogo inarudi."

Nilisimama. "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na kanga nikawa nakung'uta, unanitazama."

Alihamisha kisu kutoka kwapa moja hadi lingine. "Mwanangu, walipokuwa wanakukagua wewe, mimi nilikuwa napita," akasema, na kushika njia yake.

Jumatano iliyofuata kulikuwa na msiba kwa jirani. Wanaume walichinja asubuhi, kisu na sinia vikaletwa kwa mama kama kawaida. Habari za bucha zilikuwa zimeshafika, kila mtu alikuwa na yake. Mama aliniita nikae kulia kwake, mbele ya wote, akanipa kisu cha pili. Tulikata, tukapanga kipande juu ya kipande, tukafunika.

Wakati wa kutia sufuriani, dada mmoja aliyetoka mjini alifunua jani akashtuka. "Mbona nyeusi hivi?"

"Ni mbichi," mama alisema, na kulirudisha jani mahali pake.

Yule dada alichukua mwiko akaenda kukoroga maharage.